Mtihani Tuliofaulu Mimi na Mwalimu

Tumemzika Mwalimu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa safu hii haina mazoea ya kutaja majina, na kwa kuwa watu wa Kanazi na wa Muleba wameshamjua kwa neno hilo moja. Alifundisha shule za msingi wilayani Muleba kwa muda unaokaribia miaka arobaini, na alipostaafu alirudi kwao Kanazi, kwenye kibanja alichoachiwa na baba yake, akapanda migomba mipya katikati ya mibuni ya zamani na kuishi humo na mkewe mpaka mkewe alipofariki. Habari za kifo chake zilinikuta asubuhi nikiwa nyumbani kwangu Nshambya, nimeinama kwenye maharage nyuma ya nyumba. Aliyepiga simu ni binti yake, mtoto pekee aliyembakia. Alisema, "Baba mdogo, Tata amepumzika," kisha tukabaki tunasikilizana pumzi mpaka simu ikakatika. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Sikuwa na mtu wa kumwambia, maana mtu ambaye ningemwambia habari kubwa kama hiyo ndiye huyo aliyekufa.

Sitaandika tanzia. Tanzia zilisemwa kanisani, na mchungaji alizisema vizuri. Historia ya marehemu ilisomwa mbele ya jeneza, shule moja baada ya nyingine, na watu wazima wenye mvi walisimama mmoja mmoja kusema kwamba walijifunza kusoma mikononi mwake. Naandika kwa sababu kuna jambo nililomfanyia Mwalimu, kwa mapenzi kabisa, ambalo halikuwamo kwenye historia ile. Nisipolisema mimi halitasemwa na mtu, na leo ni siku ya tisa tangu mazishi.

Nilimfahamu nikiwa mwalimu mgeni Muleba, mwenye viatu vilivyong'aa kuliko akili. Tulipangwa pamoja kusimamia mtihani wa darasa la saba katika shule isiyo yetu, yeye mkuu na mimi msaidizi wake. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha, anatazama swali la hesabu huku machozi yanadondokea karatasi. Nikamhurumia. Nilipopita kwenye dawati lake niliweka kidole kwenye jibu sahihi, kwa muda mfupi tu, nikaendelea na safari yangu. Mwalimu aliniona. Hakusema kitu mpaka karatasi zilipokusanywa, zikahesabiwa, zikafungwa kwenye bahasha, ndipo akaniita nje karibu na mlingoti wa bendera. "Yule mtoto umemwibia," akaniambia. Nikamwambia nimemsaidia. "Umemwibia. Alikuwa na haki ya kukosa lile swali, aonekane hajui, afundishwe. Sasa ni nani atakayejua kwamba hajui?"

Kisha akaniripoti. Aliandika barua siku ile ile kwa mwandiko wake mzuri ulioinama kidogo, na kabla ya kuituma alinisomea yote, akaniuliza kama kuna neno lisilo la kweli. Halikuwapo. Barua ile ilinitoa kwenye usimamizi wa mitihani, na baada ya muda nikajitoa mwenyewe kwenye ualimu nikaingia magazetini, ambako kuweka kidole kwenye jibu la mwenzako hakumshangazi mtu. Mngetarajia nimchukie. Nilimchukia kama miezi miwili hivi. Halafu nikagundua kwamba katika wilaya nzima hakukuwa na mtu mwingine ambaye ningeweza kumwamini neno lake bila kuliuliza mara mbili, nikaanza kwenda kwake Jumapili baada ya ibada. Nimekwenda hivyo, kwa vipindi vya hapa na pale, maisha yangu yote ya utu uzima.

Baada ya mkewe kufariki nyumba ilinyamaza. Binti yake ni mwalimu wa sekondari Dodoma, na kutoka Dodoma mpaka Kanazi si safari ya kuja kunywa chai na kurudi. Mwalimu alijifunza kupika, jambo ambalo kwa mwanamume wa Kihaya wa umri wake lilikuwa mchezo wa kuigiza. Matoke yake mara yalikuwa hayana chumvi, mara yalikuwa na chumvi ya watu kumi. Tulicheka. Siku nyingine alinisimulia kisa cha mkaguzi wa shule aliyekwama kwenye tope, akamaliza, akamimina chai, akaanza kunisimulia upya kutoka mwanzo, kwa vituo vile vile na kicheko kile kile. Hapo sikucheka. Siku moja, tukitoka kanisani kwa njia aliyoipita tangu utotoni, aliingia mchepuko wa kwa watu wengine, akasimama mbele ya nyumba isiyo yake akipapasa mifuko kutafuta ufunguo. Nilimshika mkono nikamwambia, "Twende huku, Mwalimu," naye akasema, "Najua, nilikuwa natazama tu migomba yao." Migomba yao haikuwa na cha kutazamwa.

Binti yake naye alikuwa amesikia kitu kwenye simu. Akanipigia. "Baba mdogo, waitu, nakuomba umpeleke Tata hospitali akapimwe kumbukumbu. Nasikia kuna maswali wanauliza, wanaweza kujua kama ubongo umeanza kubadilika hata kabla mambo hayajaharibika. Nikipata majibu nitajua la kufanya." La kufanya lenyewe hakulisema, na wala sikumuuliza. Nilimpelekea Mwalimu maneno hayo kama yalivyo, naye akaweka kikombe chini.

"Unakumbuka jirani yangu wa kule juu?" aliniuliza. Nilimkumbuka. Mzee yule alianza kusahau, watoto wake wakaja na gari wakamchukua kwenda kuishi nao Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, mahali ambapo hakuna mgomba wa kukata wala mtu wa kumsalimia kwa Kihaya. Alirudi Kanazi ndani ya jeneza. Mwalimu alikuwa na maelezo yake juu ya kifo hicho: "Waliandika presha. Yule alikufa kwa ghorofa." Akatazama nje, upande wa kaburi la mkewe lililoko ndani ya kibanja, hatua chache kutoka mlangoni. "Nikifeli, atanichukua. Na huyu nitamwacha na nani?"

Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, msomaji, wala halikuwa jambo dogo. Kwetu kibanja si shamba tu. Ndimo walimozikwa wazazi, ndimo anamolala mke, na mzee akitolewa humo akiwa hai watu husema polepole, wakiangalia pembeni, kwamba ameondolewa.

Tulikwenda hospitali mjini Bukoba siku ya mvua, yeye akiwa hajalala vizuri na hajala. Daktari alikuwa mama kijana mwenye sauti ya upole, na jambo la kwanza alilosema ningelisikiliza vizuri maisha yangu yangekuwa mepesi leo. "Mzee, hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Siwezi kuufungua ubongo nikautazama. Maswali haya yananionyesha ni sehemu gani imeanza kuchoka, ili tujue tunaanzia wapi." Akamtajia maneno matano ya kuyashika: mwavuli, chumvi, ngazi, pazia, jogoo. Akampa karatasi achore saa. Mwalimu alichora duara safi kabisa, duara la mtu aliyezoea ubao, kisha namba zote kumi na mbili akazirundika upande mmoja. Akaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Alisema ng'ombe, mbuzi, kuku, ng'ombe, mbwa, halafu akanyamaza, na dakika ile ilikuwa ndefu mno. Tarehe aliitaja ya mwaka mwingine. Mwisho daktari akarudi kwenye yale maneno matano, na katika matano Mwalimu alikumbuka chumvi tu. Akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshayaona macho yale, kwa msichana aliyekaa karibu na dirisha, na moyo uliniuma vile vile.

Daktari hakuandika matokeo. Alisema mzee amechoka, ana njaa, apimwe damu na presha, maana yako mambo ya kutibika yanayomsahaulisha mtu, na arudi baada ya wiki nne aulizwe tena akiwa ametulia. Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje kusubiri mvua ipungue. Mimi nina tabia ya kazi, nikikaa mahali nina kidaftari mkononi. Mwalimu alikuwa anakitazama.

"Uliandika?" akaniuliza.

"Niliandika nini?"

"Maswali. Nilikuona." Mvua ikapiga bati. "Nifundishe."

Nilidhani ni utani. Nikamkumbusha barua yake, mlingoti wa bendera, haki ya kukosa swali. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Yule mtoto alikuwa na miaka kumi na mitatu," akasema. "Angeonekana hajui, wangemfundisha. Mimi nikionekana sijui, watanifundisha nini? Wataniondoa." Kusema kweli sikutafuta jibu, kwa sababu nami sikutaka aondoke. Kwa umri wangu nilikuwa nimebakiwa na marafiki wa kuhesabika, na kwa Mwalimu ndipo mahali pekee nilipoweza kukaa saa mbili bila kuulizwa naandika nini wiki hii.

Basi nikawa nakwenda Kanazi kila Jumanne na Ijumaa. Tuliyapanga maneno matano njiani kwa mawazo tu, kutoka barabarani mpaka mlangoni kwake: mwavuli tukautundika kwenye mmea wa mpaka, chumvi tukaiweka zizini, ngazi tukaiegemeza kwenye mbuni mkubwa, pazia dirishani, na jogoo tukamsimamisha juu ya kaburi la mkewe. Kumsimamisha jogoo pale lilikuwa wazo lake mwenyewe. "Alikuwa anawapenda," alisema. Tulitembea njia hiyo tukiyataja kwa sauti, wazee wawili, na jirani mmoja, mama mwenye kibanja cha upande wa chini, alisimama na jembe lake akatushangaa. "Mawe! Mama yangu, mnasali?" Mwalimu akamjibu, "Tunafanya marudio." Saa tuliichora mpaka daftari likaisha. Wanyama tukawagawa makundi matatu, wa nyumbani, wa porini na wa ziwani, na akifika wa ziwani alimtaja kiboko kwa furaha ya mtoto.

Watani wetu mikoani wanatuita nshomile, watu wa kujisifu kwamba tumesoma, na hatukatai sana. Mwalimu alikuwa nshomile kuliko wote. Kile kichwa kilikuwa kimejengwa kwa kukariri, na hata kilipoanza kubomoka upande mmoja, upande wa kukariri ulisimama imara. Kuna mambo alikuwa hayawezi tena, kama kukumbuka ni nani alikuja jana, lakini jambo lililorudiwa mara hamsini kwa utaratibu wa darasani alilishika. Siku za marudio alinyoa ndevu. Alivaa shati lililopigwa pasi. Alikula vizuri, alinitania, alinisahihisha. Nilidhani anapona. Nilimwambia hivyo, naye akanijibu, "Siponi. Nina kipindi."

Siku ya mtihani wa pili alikuwa amevaa tai. Alijibu vizuri mno. Maneno yote matano yalitoka kwa mpangilio, saa ikachorwa, wanyama wakamiminika kundi kwa kundi, na tarehe tulikuwa tumeisema mara kumi ndani ya gari. Daktari aliweka kalamu chini akasema, "Mzee, umenishangaza." Akamtazama kwa muda. Halafu akamuuliza swali lisilokuwa kwenye karatasi, kwa sauti ya mazungumzo tu: "Jana jioni ulikula nini?"

Mwalimu alifungua kinywa. Akanigeukia. Nami, bila kufikiri, nikajibu, "Jana tulikula pamoja, daktari. Matoke na samaki." Daktari akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye, kisha akaandika. Ilikuwa kweli tulikula matoke na samaki. Sijawahi kusema kweli mbaya kama ile.

Karatasi niliipiga picha nikamtumia binti yake tukiwa bado uani mwa hospitali. Alijibu baada ya dakika chache kwamba Mungu ni mwema na kwamba sasa ametulia. Mimi na Mwalimu tulikwenda kula mjini, tukapeana mikono kama wanafunzi waliochaguliwa. Alikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake tangu mkewe afariki, na mimi nilijivuna. Sioni sababu ya kuficha kwamba nilijivuna.

Baada ya hapo nikaacha kwenda. Si kwa siku moja. Jumanne ilikwenda kwanza, kwa kuwa hakukuwa na marudio tena, halafu Ijumaa ikawa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, halafu ikawa simu. Nilikuwa na sababu, zote za kweli: magoti, safari, safu hii hii mnayoisoma. Alikuwa akinipigia. "Ijumaa unakuja?" Namjibu, "Ijumaa ijayo, Mwalimu." Baada ya nusu saa ananipigia tena kuuliza swali lile lile kama mtu ambaye hajajibiwa, nami, Mungu anisamehe, kuna nyakati niliiacha simu ikaita.

Nimefikiri sana juu ya vipimo hivi tangu wakati huo, na nimewauliza wanaovijua. Wameniambia kwamba maswali yale hubadilishwa kwa makusudi, maneno yale yawe mengine, kwa sababu ya watu kama sisi, ingawa siku ile yetu yalibaki yale yale. Wameniambia pia kwamba mtu aliyesoma sana anaweza kuyapita hali ubongo wake umeshaanza kuumwa, na mkulima ambaye hakushika kalamu maishani anaweza kuishindwa ile saa hali akili yake ni nzima kabisa. Tena maswali huulizwa kwa Kiswahili, na wazee wetu wengi huota, huhesabu na hukasirika kwa Kihaya. Daktari mwenye busara huyajua hayo yote, ndiyo maana humgeukia ndugu aliyemsindikiza mgonjwa na kumuuliza: nyumbani yukoje? Swali hilo liliulizwa kwa njia ya samaki, na ndugu aliyesindikiza akadanganya kwa kujibu badala yake. Hakuna kipimo kinachoweza kumshinda msindikizaji aliyeamua hivyo. Na tatizo letu ni kwamba tumelelewa na mitihani. Tukipimwa malaria tunataka ionekane ili tupewe dawa, lakini tukipimwa akili tunataka alama, kwa kuwa tunaona aibu, utadhani ubongo peke yake ndicho kiungo kisichoruhusiwa kuumwa.

Ugonjwa haukuisoma ile karatasi. Yule mama jirani wa upande wa chini alinipigia siku moja, sauti imejaa hofu. "Baba, njoo. Mwalimu amekata migomba mitatu yenye mikungu michanga." Msomaji ambaye si wa huku hataelewa uzito wake. Mhaya anaweza kusahau jina la mwanawe, lakini mkono wake haukati mgomba ambao mkungu haujakomaa. Nilimwambia mama yule kwamba labda kulikuwa na upepo. Kisha haikupita miezi mingi, mwalimu mkuu wa shule moja ya Muleba akanipigia, namba yangu ameikuta mfukoni mwa mzee. "Mzee wetu yuko hapa. Anasema amekuja kusimamia mtihani."

Nilikodi gari nikaenda. Alikuwa amepanda basi peke yake kutoka Kanazi, amevaa tai, na alifika shule aliyoiacha zamani bila kupotea hata hatua moja. Walimu wale walikuwa na adabu ambayo sitaisahau. Hawakumcheka. Walimpa chai, kisha wakamwingiza darasa la sita na kuwaambia watoto waandike kimya. Nilimkuta anatembea kati ya madawati, mikono nyuma, anaangalia huku na huku, na watoto wameinamisha vichwa wanaandika, Mungu awabariki. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Mwalimu, twende nyumbani." Akanijibu kwa ukali kwamba mtihani haujaisha. Nikangoja. Kengele ilipogongwa alikusanya karatasi zote, akazihesabu, akamkabidhi mwalimu wa darasa, akatoka nami. Tulipokuwa kwenye gari akanitazama kwa heshima ya watu wasiojuana, akaniuliza, "Na wewe umetoka shule gani?"

Sikuwahi kujisikia mpweke kama nilivyojisikia njiani kurudi, na alikuwa amekaa kando yangu.

Siku ile nilimwambia binti yake kwamba baba yake anaumwa. Sikumwambia habari za marudio. Alikuja likizo, akakaa naye, asubuhi nyingine Mwalimu alimtambua na nyingine alimwita kwa jina la mkewe. Binti alimwomba yule mama jirani awe anakuja kupika na kumtazama, kisha akarudi Dodoma, akasema ana jambo analifuatilia. Msimu wa mvua ulipoanza Mwalimu alitoka mchana mmoja kwenda kwenye mibuni, mvua ikamkuta huko, akasimama tu. Jirani alipomwona alikuwa ameshalowa mpaka mifupa. Nimonia ikamshika. Binti alipanda gari alipopata habari, akawahi kumkalia siku moja na usiku wake hospitalini. Mengine nimeyasema.

Siku ya tatu baada ya mazishi, watu walipokuwa wanaondoka, alinionyesha barua. Ilikuwa ya uhamisho, kutoka shule yake ya Dodoma kuja shule ya sekondari ya huku kwetu, karibu kabisa na Kanazi. "Imetoka juzi," akasema. Nikampa pole. Nikamwambia hakuna ambaye angejua.

"Hii ni ya pili, baba mdogo," akasema. "Ya kwanza niliiomba kabla hajapimwa. Mkuu wangu alishanikubalia. Nilikuwa nangoja majibu ya hospitali niambatanishe, maana ukiwa na mzazi mgonjwa wanakusikiliza haraka. Uliponitumia ile karatasi nikaiondoa. Nikajiambia Tata bado ana nguvu zake, na tena ana wewe."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anaikunja barua. Niliaga nikaondoka. Siku hizi tangu hapo sikuandika kitu. Jana nilikwenda Kanazi, kabla ya kuipeleka safu hii, kwa sababu haikuwa haki aisome gazetini pamoja na nyie. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikamweleza yote: kidaftari, benchi, Jumanne na Ijumaa, na samaki. Alikuwa anamenya muda wote huo bila kuinua kichwa, na nilipomaliza akaendelea kumenya. Mwishowe akauliza swali moja.

"Siku hizo za kumfundisha, alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka sana, mwanangu."

Kisu kikasimama. "Ungenipigia simu nimsikie," akasema. Aliinuka akaweka sufuria motoni, akanipa mgongo, nami nikakaa mpaka chakula kikaiva, kwa sababu hakuniambia niondoke. Tulikula pamoja. Sijui kama amenisamehe, na sitamuuliza.

Wewe unayesoma una mzee mahali fulani ambaye ameanza kurudia hadithi. Mpeleke akapimwe mapema, na akiulizwa, wewe funga mdomo, hata kimya kikikuuma. Usimfiche aibu ambayo si aibu. Yako mambo yanayotibika yakijulikana mapema, na yale yasiyotibika yanahitaji watu, na watu hawaji mahali walipoambiwa kwamba kila kitu ni shwari. Zaidi ya yote, ukiogopa kwamba wanawe watamfanyia jambo baya, inua simu uwaulize ni jambo gani hilo. Mimi na Mwalimu hatukuuliza. Tulikuwa watu wawili waliosoma, wenye akili za kutosha kuudanganya mtihani, na kwa ile karatasi nzuri tulimzuia mtu pekee aliyekuwa anarudi nyumbani.